Herufi tatu za kwanza kwenye meseji ya M-Pesa zinakuambia nini?

Ni Jumamosi jioni, 28 Juni 2025, na duka limejaa. Mteja amechukua unga, mafuta na sukari, jumla shilingi 1,150. "Mama, nimeshatuma," anasema huku akikuonyesha simu yake. Meseji iko, jina la duka liko, tarehe ni ya leo. Lakini simu yako haijalia. "Ni mtandao tu, inakuja." Je, utamwacha aende?

Kabla hujajibu, tazama mwanzo wa meseji. Nambari ya muamala inaanza na TE9. Basi, imejisema yenyewe: hiyo ni nambari ya tarehe 9 Mei. Mtu amebadilisha tarehe na kiasi, akasahau kwamba nambari nayo ina tarehe yake.

Isome hivi

Nambari ya muamala ya M-Pesa ina herufi na tarakimu 10. Tatu za kwanza ni tarehe:

- Ya kwanza ni mwaka. 2023 ni R, 2024 ni S, 2025 ni T, na kila mwaka mpya unasonga herufi moja mbele.
- Ya pili ni mwezi. A ni Januari, B ni Februari, hadi L ambayo ni Desemba.
- Ya tatu ni siku. Tarehe 1 hadi 9 hubaki tarakimu. Kuanzia tarehe 10 tunaingia kwa herufi: 10 ni A, 11 ni B, hadi 31 ambayo ni V.

Kwa hivyo malipo ya Krismasi ya 2024 yanaanza na SLP, na ya ile Jumamosi dukani yangeanza na TFS. Chunga hapo pa tatu: 1 ni tarehe mosi, lakini I ni tarehe 18. Na ukiona kitu kama sifuri hapo, ni herufi O, yaani tarehe 24, kwa sababu hakuna tarehe sifuri.

Kwa nini wasihesabu tu 1, 2, 3?

Kwa sababu hauko peke yako. Sekunde ile unalipa matatu, kuna mtu analipa karo Kisumu na mwingine ananunua stima Mombasa. Kazi hiyo inagawiwa kompyuta nyingi. Kama zote zingengoja daftari moja liseme nani anafuata, foleni ingekuwa ndefu. Na zikitumia saa pekee, malipo mawili ya wakati mmoja yangepata nambari moja.

Dawa inayotumika sana kwenye programu ni kuchanganya: wakati unatangulia, halafu kinafuata kitu cha kutofautisha. Mwaka wa 2010, Twitter ilitangaza mfumo wake ulioitwa Snowflake. Kila nambari ilibeba wakati hadi elfu moja ya sekunde, kisha nambari ya mashine, kisha hesabu ndogo. Mashine moja iliweza kutoa nambari 4,096 katika kila elfu moja ya sekunde bila kurudia hata moja, na bila kuuliza mashine nyingine.

Faida ya kuweka wakati mbele ni kwamba ukizipanga nambari kama maneno ya kamusi, siku zinajipanga zenyewe. Kwa kompyuta, tarakimu hutangulia herufi, kwa hivyo tarehe 9 inafuatwa na A bila kuruka. Kutafuta muamala wa mwaka jana kunakuwa rahisi.

Hii inakusaidiaje wewe?

*Mweka hazina wa chama:* nambari moja ni malipo moja. Mwanachama akikutumia meseji ile ile mwezi huu na mwezi ujao, amelipa mara moja tu. Andika nambari kwenye daftari kando ya jina, sio kiasi peke yake.

*Ukihisi umelipa mara mbili:* linganisha nambari. Zikitofautiana, pesa imetoka mara mbili. Ikiwa ni moja, ni meseji tu imerudi.

*Mwenye duka:* mtumaji na mpokeaji hupata nambari ile ile. Subiri meseji kwenye simu yako, kutoka kwa jina MPESA na sio nambari ya mtu, kisha ulinganishe.

Lakini usitegemee herufi tatu pekee. Tapeli anayejua siri hii anaweza kuandika TFS vizuri kabisa. Tarehe mbaya inathibitisha uongo, lakini tarehe nzuri haithibitishi kwamba pesa imeingia. Hilo linathibitishwa na salio lako.

Kwa hivyo yule mteja mwambie kwa upole: "Ngoja kidogo, iingie kwangu kwanza." Aliyelipa kweli atangoja.