Je, Wajua? Nyumba za Mameneja wa Chai Sasa Hulaza Wageni

Katika milima ya kati ya Sri Lanka (zamani Ceylon), msafiri anaweza kulala kwenye nyumba walizojengewa mameneja wa mashamba ya chai enzi za Waingereza. Ile ya Tientsin, bonde la Bogawantalawa, ilijengwa mwaka 1888 na sasa ni mojawapo ya nyumba za Ceylon Tea Trails, zilizoanza kupokea wageni 2005. Asubuhi mhudumu huleta chai hadi kitandani.

Chai ilishika milima hiyo baada ya balaa. Awali kahawa ndiyo iliyotawala, mpaka ugonjwa wa kutu ya majani ulipozuka 1869 na kuiangamiza mibuni. Bahati njema, Mskoti James Taylor alikuwa ameshapanda chai ya biashara huko Loolecondera mwaka 1867, kwenye eka 19 tu.

Nyumba nyingine ya enzi hizo za Waingereza ipo Haputale: Adisham, nyumba ya mawe aliyoijenga Sir Thomas Villiers mwaka 1931 kwa mtindo wa kale wa Kiingereza. Leo ni monasteri ya Wabenedikto, ambao hutengeneza jemu na kuiuza.

Anayeburudika barazani asiache kutazama pia safu za vyumba vidogo wanamoishi wachumaji. Wengi ni wazao wa Watamili walioletwa kutoka kusini mwa India kufanya kazi mashambani. Jasho lao ndilo lililoijenga sifa ya chai ya Ceylon, lakini sheria ya 1948 iliwaacha wengi wao bila uraia, na ile ya kuwapa uraia waliokuwa bado hawana ilipitishwa 2003.