Redio ya CB: Uliza Antena Kabla ya Redio

Kwenye vituo vikubwa vya malori kandokando ya barabara kuu za Marekani, jirani na rafu za glavu na minyororo ya matairi, redio za CB, za kuzungumziana kati ya magari, bado zinauzwa. Simu ya mkononi haijaziua. Ajali ikifunga njia, dereva aliyeikuta hubonyeza maiki na kutaja namba ya maili, na wenye malori walio nyuma yake wakasikia papo hapo bila yeye kuwa na namba ya simu ya mtu.

Redio hizi za upepo zilipata umaarufu baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, madereva walipokuwa wakielekezana kituo chenye dizeli. Wakati huo chaneli zilikuwa 23. Tangu Januari 1977 ni 40. Chaneli 19 ndiyo baraza la madereva wa malori, na chaneli 9 imetengwa kwa dharura. Leseni haihitajiki.

Mnunuzi mgeni hutaka kujua ipi ina nguvu zaidi. Anapoteza muda. Kwa AM, ambayo ndiyo hutumika sana barabarani, sheria imeweka kikomo cha wati 4, iwe redio ya bei poa au ya bei ya kutisha. Kinachobadilika ni umbo na vikorombwezo. Uniden PRO505XL ni ndogo, hukaa hata kwenye gari dogo. Cobra 29 ni kubwa, ina vitufe vingi na mita, na wenye malori wameizoea. Cobra 75 imebebesha maiki karibu kila kitu, hivyo boksi lake hufichwa chini ya kiti. Chombo cha kupunguza makelele ya injini kinastahili bei yake. Taa za rangirangi hazistahili.

Fedha hasa iende kwenye antena. Mawimbi ya CB yana urefu wa mita 11 hivi, na robo yake ni karibu mita 2.7, fimbo ambayo ingegonga kila daraja. Ndiyo maana antena za magari hufupishwa kwa koili, na kila inapofupishwa hupoteza kidogo. Mahali pazuri ni katikati ya paa la chuma. Ikiwekwa kwenye bampa, mwili wa gari huizuia upande mmoja.

Ikishafungwa, ipimwe kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena. Chini ya 1.5 ni safi. Ikifika 3, redio imo hatarini. Fundi hupima chaneli 1, kisha chaneli 40. Kipimo kikiwa juu zaidi kwenye 40, antena ni ndefu, ipunguzwe kidogokidogo. Kikiwa juu kwenye 1, ni fupi, irefushwe.

Na usibonyeze maiki kabla antena haijaunganishwa: redio inaweza kuungua siku ileile uliyoinunua.