Dawa Ikikosewa Kazini: Muuguzi Afanye Nini, na Sisi wa Nyumbani Tufanye Nini?

Mwezi huu ukurasa wa familia unaongea juu ya kazi ya hospitali. Familia nyingi hapa zina mama, baba au kijana anayefanya kazi hiyo. Kuna waliosomea uuguzi Kongo, Sudan au Burundi wakapata kazi huku. Kuna wasaidizi wa kliniki wanaolipwa posho. Kuna pia waliopata nafasi kwenye zahanati za mpakani, Busia na Malaba, au mjini Tororo. Wote wana hofu moja: siku dawa itakapokosewa.

Siku hiyo ikifika, kuna mambo mawili yanayogombana moyoni. La kwanza ni mgonjwa. La pili ni mkate wa watoto. Tukiyachanganya, tunaharibu yote mawili. Kwa hiyo tuyafuate kwa mpango.

JAMBO LENYEWE SI GENI

Mwanzoni mwa 2015 habari zilienea kutoka Teso Kaskazini, kaunti ya Busia upande wa Kenya. Watoto wapatao 28 waliokuwa wamedungwa sindano za malaria katika zahanati ya Akichelesit walikuwa wamelegea viungo, wengine hawawezi kutembea sawasawa. Serikali ikatuma wachunguzi na nchi nzima ikashtuka.

Waganga wa upande wa Tororo na Kumi wanaijua hatari hii tangu zamani. Sindano ya kwinini ikidungwa kwenye tako inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, mtoto akabaki anachechemea. Ndiyo sababu mafunzo yanasema sindano hiyo ya msuli idungwe pajani, upande wa mbele, dawa ikiwa imezimuliwa na kugawanywa mapaja mawili. Tena tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wenye malaria kali wapewe artesuneti badala ya kwinini.

Tunaeleza haya ili tuone kitu kimoja. Mkono uliodunga ni wa mtu mmoja, lakini nyuma yake kuna maswali mengi. Alifundishwa na nani? Mwongozo mpya ulifika zahanati? Msimamizi alikuja lini mara ya mwisho? Alikuwa peke yake na foleni ya watu 100? Kikao cha nidhamu cha haki huuliza haya yote, hakimalizi kwa kuuliza "nani alishika sindano" tu.

Makosa mengine ni madogo kwa macho lakini makubwa kwa mwili. Mtu ameandika nukta tano bila sifuri mbele, mwenzake akasoma tano: dozi imekuwa mara 10. Ouma wawili wako wodi moja, au Furaha wawili, dawa ya huyu ikaenda kwa yule. Chupa mbili zinafanana rangi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya dunia nzima juu ya madhara ya dawa zilizokosewa. Kwa hiyo si aibu ya wakimbizi wala ya Waafrika peke yao.

SAA YA KWANZA: MGONJWA KWANZA

Ukigundua dawa imekosewa, usianze kutafuta wakili wala kupigia mume simu. Mwangalie mgonjwa: pumzi, mapigo ya moyo, fahamu. Mwite daktari au klinikolofisa hapo hapo. Mwambie dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Dawa nyingi zina njia ya kusaidia ikiwa watu wanajua mapema.

Halafu andika kwenye faili ya mgonjwa kile kilichotokea, na saa yake. Usifute wala kuchana karatasi. Usibandike maandishi mapya juu ya ya zamani. Kosa la dawa linaweza kusamehewa, lakini faili iliyobadilishwa inageuza kosa kuwa udanganyifu, na hapo hata mtetezi wako anakosa maneno. Chupa tupu na sindano viwekwe, visitupwe.

Mwambie msimamizi wako kabla zamu haijaisha. Familia ya mgonjwa nayo ina haki ya kuambiwa ukweli, lakini hilo lifanywe pamoja na daktari au msimamizi, kwa upole. Hebu fikiri mtoto ni wako.

USIVUKE MPAKA

Hili tunaliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya mahali penyewe. Pale Busia, kutoka mji wa Kenya hadi mji wa Uganda ni mwendo wa dakika chache, na bodaboda imejaa tele. Jina lenyewe la bodaboda husemwa lilizaliwa mpakani huko. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili. Waliovuka Busia na Malaba wakati wa fujo za 2008, wakakaa Mulanda kule Tororo kabla ya kupelekwa Kiryandongo, wanajua njia hizo vizuri. Basi mtu akiogopa, anasema, "Wacha nivuke nikatulie kwa shangazi."

Usifanye hivyo. Sheria ya kazi ya Kenya inahesabu kutoonekana kazini bila ruhusa kuwa kosa kubwa lenyewe. Ulikuwa na shtaka moja, sasa una mawili. Tena watu watasema aliyekimbia ana la kuficha. Na kwa mkimbizi, kuvuka bila karatasi ni kujitafutia shida ya tatu.

BARUA IKIFIKA

Mara nyingi mwajiri huandika barua ya kukutaka ujieleze. Pokea, saini kwamba umeipokea, andika tarehe, omba nakala. Kusaini kwamba umepokea si kukubali kosa. Ila soma vizuri: ukiletewa karatasi inayosema "ninaacha kazi kwa hiari yangu" au "ninakubali makosa yote", usisaini siku hiyo. Omba muda uisome na mtu.

Ufuate sheria ipi? Kwa kawaida ni ya nchi unakofanya kazi, si unakolala. Ukilala Busia ya Uganda ukafanya kazi Busia ya Kenya, sheria yako ya kazi ni ya Kenya.

Kenya kuna Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kukufuta kwa kosa, mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoelewa, na akusikilize mbele ya mfanyakazi mwenzako au mjumbe wa chama uliyemchagua. Hata kama kosa linaitwa kubwa sana, la kufutwa papo hapo, bado lazima usikilizwe. Ukiona umeonewa, kuna afisa wa kazi na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama inaweza kuamuru ulipwe hadi mshahara wa miezi 12. Muda wa kushtaki ni miaka 3.

Uganda kuna Sheria ya Ajira ya 2006. Nayo inataka ueleweshwe kwa lugha unayoweza kuelewa, upewe muda wa kujitayarisha, na uje na mtu uliyemchagua. Ukisimamishwa ili uchunguzi ufanyike, unalipwa nusu mshahara, na kusimamishwa kusizidi wiki 4. Lakini angalia muda: ukifutwa, malalamiko yafike kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Wengi wamepoteza haki yao kwa kungoja.

Wewe uliyesoma kwa Kifaransa, hiyo habari ya lugha ni yako. Kama Kiingereza cha kikao kinakupita, sema mapema, kwa maandishi, kwamba unataka mkalimani. Usitikise kichwa tu.

Wauguzi wa serikali wana njia yao pia. Kenya ni bodi ya utumishi ya kaunti, Uganda ni tume ya utumishi ya wilaya. Kote kuwili rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma. Na tusichanganye mwajiri na baraza. Baraza la wauguzi la kila nchi ndilo linaloshika leseni. Mwajiri akikufuta, leseni haijaondoka. Na mwajiri akikusamehe, baraza bado linaweza kukuita. Likikuita, nenda.

Wanaolipwa posho kambini, mikataba yenu haifanani na ya wengine. Hata hivyo ombeni sababu kwa maandishi, ombeni kusikilizwa, na tumieni njia ya malalamiko ya shirika. Kwa ushauri wa sheria, Uganda kuna Refugee Law Project, Kenya kuna Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria.

NAMNA YA KUANDIKA

Maelezo mazuri ni mafupi. Kwa mfano:

"Tarehe fulani, saa 2 usiku, nilikuwa zamu wodi ya watoto, muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40. Nilimpa mgonjwa mililita 5 badala ya nusu mililita. Niligundua baada ya dakika 10, nikamwita daktari. Mgonjwa aliangaliwa hadi asubuhi. Chupa zilizofanana zilikuwa rafu moja. Naomba mafunzo mapya, na naomba chupa zitenganishwe."

Hapo hakuna kulia, hakuna kumsingizia mwenzako, hakuna kujitukana. Sema ulichofanya, ulichokiona, na kinachoweza kuzuia kosa lisirudi. Usiandike "sikumbuki" kwa kitu unachokumbuka.

JE, KUSEMA UKWELI KUNAOKOA KAZI?

Hatutawadanganya. Si kila mara. Desemba 2017, mjini Nashville, Marekani, muuguzi alimpa mgonjwa wa miaka 75 dawa ya kupooza misuli badala ya dawa ya kutuliza, na mgonjwa akafa. Muuguzi alisema mwenyewe. Alifutwa kazi Januari 2018, na mwaka 2022 mahakama ikamtia hatiani na kumpa kifungo cha nje cha miaka 3. Wauguzi wengi walilalamika wakisema, mkiadhibu hivi, kesho nani atasema?

Lakini pima mizani. Ukificha, mgonjwa anaweza kufa kwa kitu ambacho kingetibika, na siku ikijulikana hutakuwa na mtu wa kusimama nawe. Ukisema, unaweza kupata onyo, mafunzo, kusimamishwa, hata kufutwa, lakini unabaki na jina. Na mtu wa kazi ya hospitali, jina ndilo linalomtafutia kazi nyingine.

SISI WA NYUMBANI

Mume, mke, wazazi: mtu wako akirudi amenyamaza, usianze na "Sasa tutakula nini?" Mpe maji, kaa naye. Hali usingizi, hali chakula, anaona sindano ile ile kila akifunga macho. Usimwache peke yake siku za kwanza. Watoto waambiwe kwa kifupi kwamba mama ana shida ya kazi, wasisikie kwanza bombani.

Msiende kumtisha wala kumhonga mgonjwa au ndugu zake. Lakini salamu za pole, kwa njia ya wazee na kwa kibali cha msimamizi, si vibaya. Tunzeni karatasi zote pamoja: mkataba, ratiba ya zamu, barua, vyeti. Na pungezeni matumizi mapema, kabla mshahara haujakatwa nusu, msije mkachukua deni dukani kwa hasira.

Na jirani, wewe unayepita ukisema "Huyo ndiye muuaji wa watoto," ngoja kikao kiishe. Kesho wewe utampeleka mtoto wako kliniki usiku, na utataka akuhudumie mtu ambaye akikosea, haogopi kusema.

Hadi mwezi ujao, Mungu awalinde.