Mboloko si cerf: tujue majina ya wanyama wadogo wa pori letu



Huku kwetu Pangi, nyama mdogo mwenye kwato akitoka porini, wengi tunamuita tu mboloko. Mwenye kusoma Kifaransa atasema biche ao gazelle. Lakini hawa si jamaa moja, na kuwachanganya kunaweza kutuletea hasara.

Tuanze na cerf. Pembe zake ziko na matawi, zinaanguka kila mwaka, kiisha zinaota tena. Katika Afrika, cerf wa asili anaishi kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Katika pori la Maniema hayuko.

Mboloko wa kweli njo Philantomba monticola. Ana kilo kama 4 ao 5, rangi ya majivu ao kahawia, bila mistari. Pembe zake ni fupi, hazina matawi, hazianguki. Ni jamaa ya ng'ombe na mbuzi.

Mwingine anakaa kandokando ya mito: Hyemoschus aquaticus, kwa Kifaransa chevrotain aquatique. Anaweza kupita kilo 10. Ana madoa na mistari myeupe. Hana pembe kabisa, ila dume iko na meno mawili marefu yenye kuteremka toka taya la juu. Akifukuzwa anajitupa majini. Tumbo lake lina vyumba vitatu, la mbuzi vinne. Kwa hiyo wataalamu wamemuweka katika jamaa yake mwenyewe, Tragulidae. Ndugu zake wengine wako Asia.

Majina haya ya Kilatini yanafuata desturi ya Carl Linnaeus wa Sweden, tangu 1758: neno la kwanza ni ukoo, la pili linatenga aina. Zanzibar mboloko anaitwa chesi, lakini jina la Kilatini ni lile lile.

Inatuhusu namna gani? Wote wawili wanazaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Tukiandika wote "mboloko" katika daftari, tutafikiri wako wengi, kumbe yule wa mtoni anaisha.

Basi, mbele ya kuandika, tuangalie:

- Pembe: zikiwepo, si chevrotain. Zikikosa, anaweza kuwa mboloko jike.
- Ngozi: madoa na mistari myeupe ni ya chevrotain.
- Meno: marefu ya juu ni ya chevrotain dume.

Tuulize wazee pia majina ya Kirega, tuyaandike pembeni. Wao njo wanajua tofauti tangu zamani.