Namba ya nyumba yako inaonekana usiku?

Mwezi huu hatuna habari ya mitihani. Tunataka tuzungumze juu ya zile namba zilizoandikwa kwenye nyumba zetu.

Usiku mmoja wa mvua mtoto wa jirani yetu alishikwa na degedege. Simu ikapigwa, gari la wagonjwa likafika langoni bila kukawia. Shida ilianzia hapo. Dereva aliambiwa tu "kwa Mama Fulani, karibu na bomba". Mabomba ni mengi, na Mama Fulani wako wengi. Gari likazunguka, likarudi, likazunguka tena, mpaka baba akatoka mbio na mtoto mgongoni kulifuata kwenye matope. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Asubuhi tulienda kuangalia: namba ya nyumba ile ilikuwepo, tena imeandikwa vizuri, ila imefunikwa na shitingi iliyotundikwa kuzuia jua.

Basi tukatoka na wanafunzi, kila mmoja na daftari lake. Kwenye mstari wa nyumba kumi na mbili tulisoma namba tano tu. Nyingine zimefunikwa na vumbi, nguo zilizoanikwa, hata majani ya maboga. Lakini kilichotushangaza zaidi ni nyumba zenye namba tatu: moja ya siku ya kuandikishwa, moja ya kugawa vyandarua, na nyingine ya kuhesabu watu. Tulimuuliza mama mmoja namba yake ni ipi, akacheka: "Mwalimu, inategemea nani anauliza!" Tulicheka naye. Lakini moto ukishika shitingi, hakuna muda wa kuchagua namba. Kama huna uhakika, muulize kiongozi wa kartiye namba iliyo kwenye orodha yake, halafu zile nyingine uzifute kabisa.

Wapo pia wanaoificha namba kwa makusudi. Tusiwacheke. Kuna wazee kati yetu ambao kule walikotoka, alama mlangoni ilikuwa habari mbaya. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba namba haisemi jina lako, kabila lako wala ulikotoka. Tena usiandike jina kando yake, halina kazi pale.

Kuandika si kazi kubwa. Tarakimu ziwe na urefu wa sentimita 10 hivi, yaani upana wa kiganja, na mstari mnene kama kidole. Nyeupe juu ya nyeusi, au nyeusi juu ya nyeupe. Buluu juu ya udongo haionekani jioni. Weka upande wa njia gari linakotokea, usawa wa macho, si juu ya mlango ambao usiku unabaki wazi na kugeukia ndani. Saba ikatwe katikati kama tunavyofundisha darasani, maana moja na saba zinapotosha watu. Rangi ya mafuta ndiyo inayodumu. Chokaa hufutika na mvua za Machi hadi Mei, ila ukitia chumvi kidogo inashika zaidi. (Hapa Muganza tunaishi jirani na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, lakini saruji haigawiwi na mchele!)

Msifikiri haya ni mambo ya wakimbizi tu. Kigali barabara zina namba zinazoanza na KN, KG au KK. Tanzania, mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, nchi nzima nyumba zikapewa namba.

Sasa simu. Hapa Rwanda gari la wagonjwa ni 912, zimamoto ni 111, polisi ni 112. Ukipiga, anza na mahali kabla ya kueleza ugonjwa: Rusizi, Muganza, kambini, kartiye gani, nyumba namba ngapi. Simu ikikatika, angalau wanajua pa kuja. Halafu mtu mmoja mwenye tochi akasimame barabarani. Na watoto waijue namba ya kwao kwa kichwa. Darasani tuliwauliza, wengi wakataja namba ya simu ya baba bila kukosea, lakini namba ya nyumba hapana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, tutapita na wanafunzi wakubwa na kopo la rangi nyeusi, tukianzia nyumba za chini karibu na mfereji. Mwenye kipande cha bati au ubao mweupe akitoe nje mapema, na shitingi ya kivuli isogezwe kidogo.