Kabla ya Kuiongezea Kompyuta Kumbukumbu

Mkazi wa Nyantakara, katika nchi ile ya Biharamulo, aliyebahatika kuwa na kompyuta nyumbani kwake, huenda hakuinunua ikiwa mpya, bali aliipata ya mtumba, iliyokwisha kutumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kuvuka bahari, na siku itakapoanza kujikokota, ikawa kufungua barua moja ni kungoja hata chai ipoe, shauri la kwanza atakalopewa na kila ajuaye kidogo ni hili: "Iongezee ramu." Shauri hilo laweza kuwa sahihi kabisa, na laweza kuwa hasara tupu, na kwa kuwa fedha yenyewe imetoka katika mahindi na maharage, si haki itolewe kabla mashine haijaulizwa inaugua nini.

Hapana budi kwanza kupambanua vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya kwa kuwa vyote hupimwa kwa gigabaiti. Diski ni ghala: humo hulala barua, picha na hesabu zako, umeme uwepo usiwepo. Ramu, yaani kumbukumbu ya kazi, ni jamvi lililotandikwa uani la kupuria maharage: kila unachotaka kukishughulikia sasa hivi sharti kitolewe ghalani na kumwagwa hapo, na jamvi likiwa dogo utamwaga kidogo, uzoe, urudishe, ukachote tena, hata nguvu zote ziishie njiani. Ramu za siku hizi zatokana na fikira ya Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1968: kila tarakimu huwekwa kama chembe ya umeme ndani ya kichombo kidogo mno, na kwa kuwa vichombo hivyo huvuja, hujazwa upya zaidi ya mara kumi kila sekunde, ndiyo sababu umeme ukikatika ghafula, kile ambacho hukukihifadhi kwenye diski hutoweka chote.

Jamvi lijaapo, kompyuta haikwambii. Huazima nafasi ghalani, na hapo ndipo balaa lilipo, kwani diski ya zamani yenye sahani izungukayo ni ya polepole mara elfu nyingi kuliko ramu. Kulitambua jambo hili hakuhitaji fundi. Fungua programu zile uzitumiazo kwa desturi, si zaidi wala pungufu, kisha, ikiwa mashine yatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame palipoandikwa Performance, halafu Memory na Disk. Ukiona kumbukumbu imejaa asilimia 90 na diski haipumui ilhali hukuigusa, basi jamvi ni dogo, na ramu yafaa kuongezwa. Lakini ukiona nusu ya kumbukumbu i tupu, na diski ndiyo iliyofikia asilimia 100, kuongeza ramu ni kumpa mgonjwa wa jino dawa ya macho: hapo nunua diski isiyozunguka, ile mafundi waiitayo SSD, nami nathubutu kusema kwamba katika mashine nyingi za mtumba hiyo ndiyo tiba iliyo bora. Mwalimu atungaye mitihani, kujaza alama na kusoma habari katika intaneti hubanwa na gigabaiti 4 za ramu, hutoshelezwa na 8, na 16 kwake ni israfu, isipokuwa akiwa anahariri video.

Fauka ya hayo, si kila ramu huingia katika kila mashine. Vizazi vyake viitwavyo DDR3, DDR4 na DDR5 hutofautiana hata mahali pa pengo lililochongwa ukingoni, hivyo moja haiingii katika tundu la nyingine. Ramu ya kompyuta ya mezani ni ndefu kuliko ya kompyuta mpakato. Na mashine nyingine nyembamba zimetiwa ramu kwa risasi kwenye ubao wenyewe, wala haziongezeki. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiiwekea 16. Tena yafaa kukumbuka kwamba Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na walioitengeneza tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa kongwe isiyokubaliwa na Windows 11 haitakubaliwa kwa sababu tu ramu imezidi.

Bei nayo si ile ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 2025 ramu zilipanda bei duniani kote, kwa kuwa viwanda vichache vinavyozitengeneza, vikiongozwa na Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwenye mashine kubwa za akili bandia. Na kishindo hicho chamfikia hata mtu aliye mbali na mambo hayo.

Basi kabla ya yote, zima mashine, chomoa waya na betri, gusa chuma ili umeme wa mwilini ukutoke, uitoe ramu na kuyasugua polepole meno yake za rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kwani vumbi jekundu la kwetu hupenya kila mahali na huweza kuifanya ramu nzima isisomwe. Kisha irudishe uone. Kama bado mashine yalemewa, na hesabu ya ukurasa ule wa Memory imethibitisha upungufu, ichukue ramu hiyo hiyo, uifunge katika karatasi kavu, na uwe nayo mfukoni unaposimama Nyakanazi kungoja basi la Kahama, ili muuzaji wa huko uendako ailinganishe na yake kwa macho, wewe ukishuhudia, kabla hujatoa hata shilingi moja.