Milioni ya Sebuleni: Mchezo wa Maswali Unapoingia Kwenye Simu Yako

Kila anayetazama mashindano ya maswali kwenye runinga amewahi kumpigia mshiriki kelele. "Ni B! Si C, ni B!" Mshiriki anakosa, na sisi tulio kwenye kochi tunajiona tungekuwa tumeshaenda benki. Watengenezaji wa michezo waliiona hamu hiyo kitambo, wakaamua kuiuza. Leo inauzwa ndani ya simu yako, simu hiyohiyo iliyobeba pesa za karo na za stima, na ndiyo maana tumeona tuizungumzie hapa.

Haikuanza na simu. Mwaka 1988 watoto wa Marekani walikuwa wakicheza Jeopardy! kwenye mashine ya Nintendo iliyounganishwa na runinga ya nyumbani, wakiandika jibu herufi moja baada ya nyingine kwa kubonyeza kidude cha mkononi. Kazi ya kuchosha, lakini watu walicheza. Kisha tarehe 4 Septemba 1998, ITV ya Uingereza ikaanza kuonyesha Who Wants to Be a Millionaire?, Chris Tarrant akiuliza maswali. Mwaka uliofuata Marekani ikapata toleo lake, Regis Philbin kwenye kiti. Kabla ya 1999 kuisha, kampuni ya Jellyvision ilikuwa tayari imetengeneza mchezo wa kompyuta wa toleo hilo, na mwaka 2000 Tiger Electronics ikatoa kifaa cha kushika mkononi kinachotumia betri. Ukinunua, umemaliza. Hakuna wa kukudai shilingi nyingine isipokuwa mwenye duka la betri.

Sisi Wakenya mashindano ya aina hii tunayajua vizuri. Celtel Africa Challenge ilipoanza mwaka 2007, baadaye ikaitwa Zain Africa Challenge, John Sibi-Okumu aliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu maswali na nyumba nzima ikajibu kwa niaba yao.

Sasa tuangalie hesabu ya Millionaire, kwa sababu ndiyo sehemu tamu zaidi kwetu watu wa pesa. Toleo la kwanza la Uingereza lilikuwa na maswali 15, kuanzia pauni 100 hadi milioni moja. Kulikuwa na vituo viwili vya usalama: ukifika pauni 1,000 huwezi kurudi chini yake, na vilevile ukifika 32,000. Mshiriki anaruhusiwa kuliona swali kwanza, halafu aamue: nijibu, au nichukue nilicho nacho niende nyumbani?

Tuseme umefika pauni 500,000 na swali la mwisho liko mbele yako. Ukijibu sawa, unaongeza 500,000. Ukikosa, unaanguka hadi 32,000, yaani umepoteza 468,000 kwa neno moja. Kama una uhakika, sawa. Kama unabahatisha kati ya majibu manne, nafasi yako ni moja kwa nne, na hapo mtu mwenye akili anasema asante na kuondoka. Wengi waliopanda juu kwenye runinga walifanya hivyo, ingawa sisi kwenye kochi tuliwaita waoga.

Kwenye toleo la nyumbani, karibu hakuna anayeondoka. Kwa nini uondoke? Zile 468,000 ni namba tu kwenye kioo. Ukianguka unabonyeza kitufe na kuanza upya. Hapa ndipo kifaa cha sebuleni kinapotofautiana na runinga: maswali ni yaleyale, ngazi ni ileile, lakini woga umetolewa. Mtu akicheza hivyo jioni baada ya jioni, kidole kinazoea kusema "twende" bila kuuliza ni nini kitapotea.

Woga unaweza kurudishwa kidogo, na bila pesa. Mgawie kila mtoto maharagwe 20. Kila swali anaweka kiasi anachotaka, akikosa, yanaenda. Mwenye maharagwe machache zaidi mwisho wa mchezo ndiye anaosha vyombo. Utashangaa jinsi yule aliyekuwa akibonyeza haraka-haraka anavyoanza kufikiri, na anavyouliza kama anaruhusiwa kuacha swali likapita. Kwa maoni yetu, somo hilo la akiba linashinda mahubiri mengi.

Kisha kuna ile misaada mitatu: kupunguza majibu hadi mawili, kumpigia rafiki, na kuuliza watazamaji. Studioni, kumpigia rafiki kulikuwa na sekunde 30 na binadamu halisi upande wa pili. Watazamaji nao walikuwa watu kweli, na kura yao ilikuwa na nguvu: James Surowiecki, katika kitabu chake cha 2004 kuhusu busara ya umati, aliandika kwamba watazamaji wa toleo la Marekani walipata jibu sahihi asilimia 91 ya mara, huku marafiki waliopigiwa simu wakipata takriban asilimia 65. Mashine ya nyumbani haina watazamaji. Asilimia inazokuonyesha zimetungwa na programu, na "rafiki" ni sauti au maandishi yaliyopangwa mapema. Kwa hivyo ukicheza nyumbani, mpigie shangazi yako wa Kakamega. Anajua mengi kuliko mashine, na atafurahi umempigia bila kuomba kitu.

Misaada hiyo ndiyo tunayotaka uiangalie kwa makini ukihamia kwenye simu. Kwenye runinga ilikuwa bure, na kila mmoja ulitumika mara moja tu. Kwenye vifaa vya betri, hivyohivyo. Lakini programu nyingi za maswali unazopakua leo ni za bure mlangoni, halafu zinauza misaada ndani. Swali limekukaba, muda unahesabu, na kitufe kinang'aa: ongeza maisha, ongeza msaada. Mara nyingi bei haionekani kwa shilingi wakati wa kucheza. Unanunua rundo la sarafu au almasi kwanza, kisha unatumia almasi. Ukiulizwa umetumia pesa ngapi, huwezi kusema haraka, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba almasi kumi ni unga wa familia. Kama akaunti yako ya Play Store imeunganishwa na pesa zako za simu, kadi au muda wa maongezi, fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, ingia kwenye mipangilio, na uweke kwamba kila ununuzi lazima uthibitishwe. PIN yako ya pesa usimpe mtoto hata kama ni ya "mara moja tu". Anaikumbuka kuliko unavyodhani.

Si kila programu ya maswali ni mtego. HQ Trivia, iliyoanza Marekani Agosti 2017, iliwaita watu wacheze kwa pamoja moja kwa moja, maswali 12, sekunde 10 kila moja, na waliomaliza wote waligawana zawadi. Wakati mwingine washindi walikuwa wengi hivi kwamba kila mmoja aliondoka na dola chache tu. Lakini kuingia kulikuwa bure, na zawadi ililipwa na wenye mchezo. Ukitaka kupima mchezo wowote, uliza pesa inaanzia kwa nani na inaenda kwa nani.

Kipimo hicho kinafaa sana kwa SMS za "jibu ushinde". Swali huwa rahisi mno: mji mkuu wa Kenya ni Nairobi au Mombasa? Ukijibu, unapongezwa na kuletewa swali lingine, na kila jibu linakatwa muda wa maongezi. Sh10 kwa siku ni Sh300 kwa mwezi, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima akilalamika kwamba "credo inaisha yenyewe". Nchi zenye sheria kali nazo zimeumwa. Mwaka 2007 Ofcom, wasimamizi wa utangazaji Uingereza, waliipiga faini ya pauni milioni 2 stesheni ya GMTV: watu waliendelea kupiga simu za kulipia kuingia mashindano wakati washindi walikuwa wameshachaguliwa. Mwaka 2008 ITV nayo ikatozwa pauni milioni 5.675 kwa mambo ya aina hiyo. Kama stesheni kubwa zilifanya hivyo, namba usiyoijua iliyokutumia swali saa tano usiku usiiamini.

Na kuna ile ya wizi mtupu: "Hongera, umeshinda laki mbili, tuma Sh500 ya usajili." Hukushiriki, hukuulizwa swali, ila umeshinda. Usitume. Zawadi ya kweli haihitaji uilipie kwanza, na hakuna anayekulipa kwa kukuomba PIN. Kama laini yako ni ya Safaricom, sambaza ujumbe huo bure kwa 333, kisha uufute.

Jambo moja la mwisho kwa waliojiandikisha kwenye programu ya maswali inayokata kila wiki au kila mwezi: kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Fungua Play Store, nenda kwenye malipo na usajili, tafuta jina la mchezo, ughairi usajili hapo, hakikisha umeona tarehe ya mwisho, ndipo uifute.